ATOMU MOJA TU! Kemia kwa Anayeanza Biolojia

Mwaka huu wanachama wenzangu wamenitaka niandike somo la sayansi katika jarida letu. Wapo wanaosema eti Kiswahili ni cha mashairi na insha tu, sayansi hakiiwezi. Someni kwanza, kisha mtaamua wenyewe.

Siku moja, nilipokuwa kidato cha kwanza, niliinua mkono katika kipindi cha biolojia nikauliza: "Mwalimu, si tumekuja kusoma habari za mimea na wanyama? Sasa haya mambo ya atomu na molekuli yanatuhusu nini?" Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alinijibu tu, "Ngoja. Jibu litakuja lenyewe."

Jibu lilikuja likizo ya Agosti, wakati wa baridi kali. Mjomba wangu alikuwa amepanga chumba kimoja cha mabati mjini. Usiku huo alipika ugali na sukuma wiki kwa jiko la makaa. Alipomaliza kula akaona makaa bado ni mekundu, tena hayana moshi hata kidogo. Akaliacha jiko ndani limpashe joto, akafunga dirisha, akaziba upenyo wa chini ya mlango kwa gunia, akalala. Asubuhi jirani yake alibisha hodi ili waandamane kwenda kazini kama ilivyokuwa kawaida yao. Kimya. Akabisha tena. Kimya. Wakavunja mlango wakamkuta hajitambui. Walimtoa nje mbio, wakamkimbiza hospitalini, akawekewa oksijeni. Mungu si Athumani, mjomba akapona.

Nyumbani kila mtu alikuwa na lake la kusema. Huyu alisema ni moshi ulimwingia. Yule alisema angeweka sufuria ya maji kando ya jiko. Mwingine akauliza mbona hakunyweshwa maziwa. Mimi nikabaki kujiuliza: moshi gani, na makaa hayakuwa na moshi?

Shule zilipofunguliwa nilimwendea mwalimu moja kwa moja. Alichukua chaki akaandika ubaoni: CO₂ na CO. Akaniambia, "Tofauti ya hizi mbili ni atomu moja tu. Hii ya kwanza unaitoa puani kila unapopumua. Hii ya pili nusura imuue mjomba wako."

Tangu siku hiyo sijauliza tena kemia inatuhusu nini. Nanyi mnaoanza biolojia, ebu tufuatane hatua kwa hatua mpaka tuzielewe alama hizo mbili.

1. ELEMENTI NA ATOMU

Elementi ni kitu ambacho huwezi kukivunja kwa njia za kikemia ukapata vitu vingine vilivyo sahili zaidi. Chuma ni elementi, dhahabu ni elementi, oksijeni ni elementi. Maji je? La hasha! Ukipitisha stima ndani ya maji utapata gesi mbili, hidrojeni na oksijeni. Kitu kama maji, kilichotokana na elementi mbili au zaidi zilizoshikana, huitwa msombo.

Atomu ni chembe ndogo kabisa ya elementi ambayo bado ni elementi ile ile. Katikati ya atomu mna kiini chenye protoni na nyutroni. Nje ya kiini mna elektroni. Protoni zina chaji chanya, elektroni zina chaji hasi, na nyutroni hazina chaji.

Utaitambuaje atomu? Hesabu protoni zake. Protoni ni kama namba ya kitambulisho. Ikiwa na 1 ni hidrojeni. Ikiwa na 6 ni kaboni, 7 ni nitrojeni, 8 ni oksijeni. Ongeza protoni moja tu nawe umepata elementi nyingine kabisa.

Sasa tuje kwa mwili wako. Tuchukue mwanafunzi mwenye uzito wa kilo 50. Ndani yake mna karibu kilo 32 za oksijeni, kilo 9 za kaboni, kilo 5 za hidrojeni na kilo moja u nusu ya nitrojeni. Hizo nne peke yake ni kama asilimia 96 ya mwili. Zinazobaki ni kalisi ya mifupa na meno, fosforasi, salfa, sodiamu, klorini, chuma na nyinginezo kidogo kidogo.

Usishangae ukiona oksijeni imeongoza. Si kwamba umejaa hewa kama mpira! Sehemu kubwa ya mwili ni maji, na oksijeni ndiyo iliyo nzito katika maji.

Elementi hizo zote zimo pia katika udongo, mto na hewa. Basi mtu ana tofauti gani na ndoo ya maji iliyowekwa kando ya gunia la makaa? Tofauti ni mpango: nani ameshikana na nani, na ni wangapi. Shikeni neno hilo, maana ndilo somo lote.

2. MIKONO YA ATOMU

Atomu hushikana kwa elektroni zake. Elektroni hukaa katika mizingo. Mzingo wa kwanza huchukua 2, wa pili huchukua 8. Karibu kila atomu tutakayoitaja hapa hutamani kuwa na elektroni 8 katika mzingo wa nje. Hidrojeni, kwa kuwa ina mzingo wa kwanza tu, hutosheka na 2.

Kaboni ina elektroni 6: mbili ndani, nne nje. Kwa hiyo imepungukiwa na nne, na itashirikiana na wengine mara nne. Mimi huziita nafasi hizo mikono, kwa sababu ndivyo nilivyozikumbuka siku ya mtihani:

Hidrojeni: mkono 1
Oksijeni: mikono 2
Nitrojeni: mikono 3
Kaboni: mikono 4

Moja, mbili, tatu, nne. Nani atashindwa kukumbuka hapo?

Tujaribu. Oksijeni ina mikono miwili. Kila mkono unashika hidrojeni moja. Umepata H₂O, yaani maji. Tarakimu ile ndogo ya chini huonyesha idadi ya atomu. Kundi kama hilo la atomu zilizoshikana huitwa molekuli.

Sasa kaboni yenye mikono minne ikutane na oksijeni mbili zenye mikono miwili miwili. Oksijeni hii inashika mikono miwili ya kaboni, na ile inashika miwili iliyobaki. Hakuna mkono unaoning'inia. Umepata CO₂, kaboni dayoksaidi. Kwa Kigiriki "di" ni mbili, "mono" ni moja. Kwa hiyo CO ni kaboni monoksaidi, yenye oksijeni moja. Ukijaribu kuhesabu mikono ya CO utaona hesabu haiendi sawa. Molekuli hiyo hushikana kwa namna yake ya pekee, na mtaisoma mkifika mbele. Kwa leo tosheka kujua kuwa ipo, na kwamba si salama.

Mbona kaboni inasifiwa sana katika biolojia? Ni kwa sababu ya mikono yake minne. Inaweza kushikana na kaboni nyingine, nayo na nyingine, zikawa mnyororo mrefu au duara, na bado mikono ikabaki ya kushika hidrojeni, oksijeni na nitrojeni. Sukari, wanga, mafuta na protini zote zimejengwa juu ya minyororo hiyo. Unga wa ugali ni glukosi nyingi zilizounganishwa foleni. Umeng'enyaji wa chakula ni kazi ya kuikata foleni hiyo ili vipande vyake viweze kuingia katika damu.

3. KUNI ZA MWILI

Glukosi ni C₆H₁₂O₆. Ndani ya seli zako huunguzwa polepole, bila moto wala cheche:

C₆H₁₂O₆ + 6O₂ → 6CO₂ + 6H₂O + nishati

Hesabu atomu za kushoto, kisha za kulia. Kaboni 6 na 6. Hidrojeni 12 na 12. Oksijeni 18 na 18. Hakuna iliyopotea, hakuna iliyozaliwa. Zimebadilishana washirika tu. Nishati inayotoka ndiyo unayokimbilia, unayosomea prepu, na inayokupa joto.

Majani ya mahindi kule shambani hufanya kinyume chake. Huchukua kaboni dayoksaidi na maji, yakatumia nguvu za jua, yakatengeneza glukosi na kutoa oksijeni. Ajabu ni kwamba hewa tunayoivuta ina kaboni dayoksaidi kidogo mno, kama asilimia 0.04 tu, na hiyo ndiyo inayolisha mimea yote ya nchi kavu. Haba na haba hujaza kibaba.

Jikoni ni mambo yale yale. Makaa karibu yote ni kaboni. Hewa ikiwa tele:

C + O₂ → CO₂

Lakini mlango ukifungwa na dirisha likazibwa, oksijeni hupungua. Kaboni ni nyingi, washirika ni wachache. Basi:

2C + O₂ → 2CO

Hapo ndipo adui anapozaliwa. Hana rangi, hana harufu, hana moshi. Kikulacho ki nguoni mwako.

4. ABIRIA ASIYESHUKA

Damu ni nyekundu kwa sababu ya protini iitwayo himoglobini. Kila himoglobini ina atomu nne za chuma, na kila chuma hushika molekuli moja ya oksijeni. Ifikirie kama matatu ndogo yenye viti vinne. Oksijeni hupanda mapafuni na kushuka kwenye misuli, ubongo na moyo. Matatu hurudi mapafuni kuchukua abiria wengine.

Kaboni monoksaidi nayo hupenda viti hivyo hivyo. Tena hukishika kiti kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Akishapanda, hashuki upesi. Si hayo tu. Akiwemo ndani, hata oksijeni iliyopata kiti huzuiliwa isishuke kwa urahisi pale inapohitajika. Matatu inapita kila kituo imejaa, na abiria waliongojewa hawashuki. Ubongo na moyo huumia kwanza.

Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Mtu aliye macho aweza kudhani ni malaria au uchovu. Aliyelala haoni dalili yoyote. Hulala moja kwa moja.

Sasa tuwajibu wale waliokuwa nyumbani kwetu.

Moshi? Makaa yaliyoshika vizuri hayana moshi, lakini yanatoa kaboni monoksaidi. Kutoona moshi si usalama.

Sufuria ya maji? Kaboni monoksaidi haiyeyuki vizuri katika maji. Sufuria haimzuii adui huyu.

Maziwa? Maziwa huenda tumboni, na gesi imo katika damu. Hayakutani. Tena ukimnywesha mtu asiyejitambua aweza kupaliwa akafa kwa maziwa badala ya gesi.

Dawa yake ni oksijeni. Katika hewa ya kawaida, mwili huchukua kama muda wa saa nne au tano kupunguza gesi hiyo hadi nusu. Mgonjwa akipewa oksijeni tupu, muda huo hushuka hadi saa moja na nusu hivi. Kwa hiyo fungua milango, mtoe mgonjwa nje upesi, mpeleke hospitalini. Na jiko likimaliza kazi yake, litolewe nje kabla ya watu kulala. Baridi ina blanketi.

5. KUPEANA BADALA YA KUSHIKANA

Si atomu zote hushikana mikono. Nyingine hupeana.

Sodiamu ina elektroni 11, na moja tu iko katika mzingo wa nje. Klorini ina 17, na imepungukiwa na moja. Wakikutana, sodiamu hutoa, klorini hupokea. Aliyetoa hubaki na chaji chanya, Na⁺. Aliyepokea huwa na chaji hasi, Cl⁻. Atomu yenye chaji huitwa ioni. Chaji chanya na hasi huvutana, tunapata chumvi ya mezani.

Angalia maajabu hayo. Sodiamu peke yake ni metali inayolipuka ikitupwa majini. Klorini peke yake ni gesi ya sumu iliyotumiwa vitani mwaka 1915. Wakiungana unawanyunyizia kwenye mayai! Tabia ya kitu hutokana na mpango wa atomu zake, si majina yake tu.

Chumvi katika maji huamua maji yataelekea wapi. Maji hupita kwenye utando wa seli kutoka palipo na chumvi kidogo kwenda palipo na chumvi nyingi. Hiyo ndiyo osmosisi. Kama unabisha, nyunyizia chumvi kabichi iliyokatwakatwa uone inavyotoa maji.

Hapa pia pana uhai wa mtu. Mtoto anayehara hupoteza maji na chumvi. Ukimpa maji matupu hayamtoshi. Katika ukuta wa utumbo mna vijilango vinavyopitisha sodiamu na glukosi kwa pamoja. Wakiingia hao wawili, maji huwafuata. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon nchini India, kipindupindu kilizuka na maji ya dripu yakawa hayatoshi. Daktari Dilip Mahalanabis na wenzake waliwapa wagonjwa maji yenye chumvi na glukosi ya kunywa. Vifo vilishuka kutoka kama 30 katika kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4.

Pakiti za dawa hiyo hupatikana zahanati na madukani mwa dawa, na ndizo bora. Zikikosekana, tumia lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko visawazishwe, visiwe vya kilima. Usizidishe chumvi ukidhani unasaidia. Chumvi ikizidi, osmosisi itageuka, nayo itamnyonya mtoto maji badala ya kumwongezea. Maji hayo mpe huku mkielekea kwa daktari.

6. ASIDI, BESI NA MAGADI

Asidi ni kitu kinachotoa ioni za hidrojeni, H⁺, katika maji. Maji ya limau ni asidi. Besi huziondoa ioni hizo. Majivu na magadi yanayotiwa kwenye maharagwe ili yaive haraka ni besi. Kipimo chake huitwa pH. Saba ni katikati, chini ya saba ni asidi, juu ya saba ni besi. Kila hatua moja ni mara kumi.

Tumbo lako lina pH ya 2 hivi. Damu yako haitakiwi kutoka kati ya 7.35 na 7.45. Ikitoka kidogo tu, unaumwa. Ziwa Magadi lina pH ya karibu 10, yaani ioni za H⁺ ni pungufu mara 1,000 kuliko katika maji matupu. Samaki wengi hutoa uchafu wa nitrojeni kupitia matamvua wakiwa wameufanya amonia. Katika maji kama hayo amonia haitoki kwa urahisi, ingewaua. Lakini wapo tilapia wadogo wa Magadi ambao huigeuza kuwa yurea kwanza, kisha huitoa. Wamebadilisha mpango wa atomu, wakapata makao.

KWA KUMALIZA

Ndugu zangu, mkiulizwa kwa nini mtu wa biolojia asome kemia, jibuni hivi: uhai ni mpango wa atomu, na mpango ukikosea kwa atomu moja tu, mtu halali akaamka. Usilolijua ni usiku wa giza. Mjomba wangu hakuwa mjinga. Hakuna aliyekuwa amemfundisha. Likizo ijayo, kabla ya kumwonyesha mama alama zako, mwonyeshe kwanza pa kuweka jiko usiku.

ZOEZI

1. Atomu ina protoni 7. Ni elementi gani, na ina mikono mingapi?
2. Gesi itokayo kwenye kinyesi cha ng'ombe ina molekuli zenye kaboni moja iliyoshikana na hidrojeni peke yake. Andika alama yake.
3. Kitu cha pH 4 kina ioni za H⁺ mara ngapi kuliko cha pH 6?
4. Rafiki yako anasema, "Nitalala na jiko, lakini makaa yameiva na nimeweka sufuria ya maji." Mjibu kwa sentensi mbili.

MAJIBU

1. Nitrojeni, mikono 3.
2. CH₄.
3. Mara 100.
4. Makaa yaliyoiva hutoa kaboni monoksaidi isiyoonekana wala kunuka, na maji hayaiondoi. Litoe jiko nje.

Aliyekosa la kwanza, la pili au la tatu asome tena. Aliyekosa la nne na asome tena leo hii, kabla ya kulala.